Kilimi cha Mbonimpa

Nyumbani kwa Mukandekezi palikuwa hapakosi watu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, ya bati, migomba mbele na migomba nyuma. Iko kijijini Songambele, wilaya ya Kyerwa. Lakini asubuhi ukipita ungekuta mama mwenye mtoto mgongoni, au mzee aliyejifunga shuka shingoni, wameketi kwenye benchi wakisubiri zamu. Wote walifuata jambo moja. Walikuja kukatwa kilimi.

Kilimi ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya koo. Kila mtu anacho. Huku kwetu wengi wanaamini kwamba kikohozi kisichopona kinaletwa na kilimi kilichorefuka. Basi wanakikata. Mukandekezi alifundishwa kazi hiyo na mama yake, aliyekuja nayo kutoka Rwanda. Aliifanya zaidi ya miaka thelathini na tano. Wembe wake ulikuwa mpya kila mara, maji yake yamechemka, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Mimi siipendi kazi ile hata kidogo, lakini ukweli lazima niuseme: yule mama hakuwa tapeli. Aliamini anachokifanya.

Mdogo wake, Mbonimpa, aliishi chini kidogo katika kibanja hicho hicho, yaani shamba la migomba la familia. Baba yao aliwagawia kabla hajafa. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kulima, Mbonimpa alipanda kwa dada yake na jembe begani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nikuze hajambo?"

"Hajambo. Yuko kwenye kahawa tangu alfajiri. Anasema ameolewa na mvivu."

"Hajakosea. Kaa, uvute."

Nyuma ya jiko Mukandekezi alipanda tumbaku. Aliikausha juu ya moto wa kupikia. Yeye alivuta kwa kiko, kama wanawake wengi wa rika lake. Mbonimpa alisokota yake kwa karatasi ya daftari. Walianza wakiwa vijana, na sasa dada alikuwa na miaka sitini na mmoja, mdogo wake hamsini na minane. Walivuta, wakataniana, wakasengenya jirani mmoja au wawili, kisha kila mtu akaenda kwenye kazi yake. Walipendana sana wale watu.

Mwezi wa tano, Mbonimpa alianza kukohoa.

"Kikohozi gani hiki?" dada yake aliuliza. "Kila siku kile kile."

"Vumbi la kahawa."

"Vumbi la mwezi mzima? Hebu fungua mdomo."

Mbonimpa akafungua. Mukandekezi akamgeuzia kwenye mwanga, akachungulia.

"Ndicho hiki. Kimerefuka mpaka kinagusa ulimi. Ungeniambia mapema."

Alimkata siku hiyo hiyo. Mbonimpa alitema damu kwenye jani la mgomba, akasukutua kwa maji ya chumvi, akarudi kwake. Dada yake alimpa masharti: asile pilipili, asinywe rubisi ya ndizi wala pombe nyingine, asivute tumbaku kwa siku saba.

Kikohozi kikapungua. Mbonimpa akafurahi. Mukandekezi naye akafurahi. Hakuna aliyejiuliza kama nafuu ile ililetwa na wembe au na zile siku saba bila moshi. Siku ya nane Mbonimpa alisokota tumbaku yake, na baada ya wiki moja kikohozi kikarudi palepale.

Mwezi wa sita alikuja Mackrine. Mackrine ni mhudumu wa afya wa jamii katika kitongoji chao, binti wa Kinyambo, mcheshi lakini king'ang'anizi. Alimkuta Nikuze, mke wa Mbonimpa, akigeuza kahawa kwenye mkeka. Mbonimpa na dada yake walikuwa kivulini.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mwanangu."

"Shikamooni wazazi wangu." Alikaa, akafungua daftari. Kabla hajaandika neno, Mbonimpa akakohoa kwa muda mrefu. Mackrine akamtazama. "Baba, kikohozi hicho kina muda gani?"

"Kidogo tu."

"Wiki sita!" Nikuze alisema kutoka kwenye mkeka.

"Baba, kikohozi kikizidi wiki mbili ni lazima kipimwe. Twende zahanati wachukue makohozi. Inaweza kuwa TB, inaweza kuwa kitu kingine. Na wewe umevuta tumbaku miaka mingi. Hayo mapafu yanahitaji kuangaliwa."

Mukandekezi aliweka kiko chini.

"Binti, wewe ulizaliwa mwaka gani?"

"Tisini na tatu, bibi."

"Mwaka huo nilikuwa nakata vilimi tayari. Hata cha kwako nilikikata mimi."

Wote walicheka, na Mackrine naye akacheka. Kisha akasema kwa upole, "Ni kweli bibi, mama alinisimulia. Lakini kifua hakionekani kwa kufungua mdomo."

Kicheko kikaisha. Mbonimpa aliona dada yake ameumia.

"Dada yangu ananitibu," alisema. "Nikishindwa, nitakuja."

Mackrine aliandika jina lake kwenye daftari, akaaga. Alirudi mara mbili mwezi ule. Mara zote mbili Mbonimpa aliingia shambani alipomwona kwa mbali.

Mwezi wa saba alianza kutema makohozi yenye damu. Alimwonyesha dada yake kitambaa.

"Ni kidonda cha kilimi," Mukandekezi alisema. "Hakijapona vizuri."

Kidonda kile kilikuwa kimepona zamani. Yeye mwenyewe alichungulia tena kooni, akaona kilimi ni kifupi na safi. Lakini baada ya siku chache akasema kimeota tena upande mmoja. Akamkata mara ya pili. Damu ikaendelea, wakasema ni kidonda. Sauti ya Mbonimpa ikakauka, ikawa ya kunong'ona, wakasema ni kidonda. Hapo ndipo pananiuma mimi ninayewasimulia. Mwili wa Mbonimpa ulikuwa unapiga kelele kuomba msaada, na kila kelele ilipewa jibu lile lile.

Mwezi wa tisa suruali yake ilimvuka. Alikuwa anaifunga kwa kamba. Akitembea kutoka mlangoni hadi chooni alipumzika mara mbili. Nikuze hakuomba ruhusa ya mtu. Aliita bodaboda, akamwambia mume wake, "Panda." Kisha akamgeukia wifi yake. "Na wewe njoo. Kama ni kilimi, utawaeleza madaktari."

Zahanati walipima makohozi. Hayakuwa na TB. Walimpeleka hospitali ya wilaya, akapigwa picha ya kifua. Daktari wa pale aliona kivuli kikubwa, akaandika barua ya kwenda Bukoba kwenye mashine ya CT, inayopiga picha za ndani ya mwili. Huko waliingizwa kwa daktari mmoja aitwaye Byabato, mtu mzima mwenye mvi, aliyezungumza polepole.

"Sauti ilianza kukauka lini?" aliuliza.

Nikuze alimtazama wifi yake. Mukandekezi akajibu yeye.

"Mwezi wa saba. Nilidhani ni kidonda. Nilikuwa nimemkata kilimi."

"Na damu?"

"Mwezi huo huo. Nayo nilidhani ni kidonda."

Daktari hakumkaripia. Afadhali angemkaripia. Aliweka picha kwenye mwanga, akawaonyesha.

"Huu ni uvimbe. Uko kwenye pafu la kushoto. Ni saratani, nyinyi mnaita kansa. Umebana mshipa wa fahamu unaoendesha sauti, ndiyo maana sauti imekwenda. Na haukubaki hapa. Umefika kwenye ini na kwenye mifupa ya mgongo."

"Basi mkateni," Mukandekezi alisema. "Mkate, daktari. Si mnakata?"

"Ungekuwa mdogo na uko mahali pamoja, tungekata. Sasa umesambaa, mama. Kukata hakutamsaidia. Tutampa dawa za kupunguza maumivu, na tutajitahidi asiteseke."

Mukandekezi akauliza swali ambalo alikuwa analiogopa.

"Kama ningemleta mwezi wa tano?"

"Sijui," daktari alisema. "Siwezi kukudanganya kwamba angepona. Saratani hii hujificha, na anayeanza kukohoa mara nyingi ameshachelewa. Lakini nafasi yake ingekuwa kubwa kuliko ya leo. Na kama angepimwa mwaka jana, kabla hajakohoa, nafasi ingekuwa kubwa zaidi."

Mbonimpa alikuwa amekaa pale pale, anasikia kila kitu. Alimgusa dada yake mkono.

"Nilikuja mwenyewe," alinong'ona. "Hukunifunga kamba."

Waliporudi nyumbani, Mbonimpa alilala kwenye kitanda kilichotazama mlango. Senene walipoanza kuruka, watoto wa jirani walimletea bakuli la panzi hao waliokaangwa vizuri. Alikula mmoja akashindwa kumeza wa pili. Maumivu ya mgongo yalikuwa makali. Nikuze alimpa dawa ya maji ya hospitali kila baada ya saa nne, akimshika kichwa kwa mkono.

Siku moja alimwomba dada yake tumbaku. Alionyesha kwa vidole, maana sauti haikuwapo tena. Mukandekezi hakujua afanye nini. Alimhurumia, akasokota, akawasha, akamwekea mdomoni. Mbonimpa alivuta mara moja. Akakohoa mpaka damu ikamtoka mdomoni na puani. Nikuze alikuja mbio, akauona ule msokoto sakafuni, akaukanyaga kwa kisigino. Alimtoa wifi yake nje, akafunga mlango.

Mbonimpa alifariki Jumapili ya pili ya Majilio, wiki chache kabla ya Krismasi. Walimzika kibanjani, karibu na baba yake. Pale msibani kulikuwa na watu waliosema amerogwa. Wengine walisema hospitali ndiyo iliyommaliza, kwa sababu alikwenda huko akitembea na akarudi amebebwa. Mukandekezi aliwasikia wote. Yeye alijua kwa hakika ile miezi minne, kutoka wa tano hadi wa tisa, ilipotelea wapi.

Baada ya matanga, Mackrine alipanda kwa Mukandekezi. Benchi lilikuwa tupu, kwa kuwa Mukandekezi aliwarudisha watu tangu msiba. Alikuwa anavuta kiko. Sasa alivuta mchana kutwa.

"Shikamoo bibi. Pole tena."

"Marahaba. Nimeshapoa. Umekuja kunicheka?"

"La hasha, bibi. Nimekuja kuzungumza habari zako, si za marehemu."

"Mimi sina habari. Sikohoi. Sina homa. Nakula vizuri."

"Ndiyo maana nimekuja leo."

Mukandekezi alimtazama kana kwamba hakusikia.

"Bibi, nikueleze," Mackrine alisema, akasogeza kigoda. "Daktari alisema saratani ya mapafu hujificha. Pafu halina maumivu ndani yake. Uvimbe unaweza kukua mwaka, hata miaka, na mtu analima kama kawaida. Ukianza kukohoa damu, umeshakuwa mkubwa. Kwa hiyo wanaotakiwa kupimwa si wagonjwa peke yao. Wanaotakiwa ni wazima walio katika hatari."

"Wazima gani hao?"

"Mtu aliyefika miaka hamsini au zaidi, aliyevuta tumbaku kila siku kwa miaka mingi. Iwe sigara, iwe kiko, iwe msokoto. Hata kama aliacha miaka ya karibuni. Wewe umevuta miaka mingapi?"

"Nilianza nilipojifungua mtoto wa kwanza. Mwaka wa arobaini na moja huu."

"Basi ni wewe hasa."

"Wanapimaje? Wanakata?"

"Hakuna wembe, hakuna sindano. Unalala kwenye kitanda, kitanda kinaingia kwenye pete kubwa. Wanakwambia ushike pumzi. Ukihesabu polepole mpaka kumi, wameshamaliza. Ni ile mashine aliyopimwa marehemu, ila mionzi yake inapunguzwa. Inaona uvimbe mdogo ambao picha ya kawaida ya kifua huenda isiuone. Mwezi wa pili Bukoba wanafanya wiki ya uchunguzi. Mimi nimeombwa nipeleke majina."

"Na wakinikuta nayo?"

"Wakikuta alama, si kila alama ni saratani. Mara nyingi ni kovu la ugonjwa wa zamani. Watakwambia urudi wapime tena. Na ikiwa ni saratani, na bado ni ndogo, inatolewa. Mtu anaishi, bibi."

Mukandekezi alivuta kiko, akatoa moshi.

"Mbonimpa hakupata nafasi hiyo. Mimi ndiye niliyemnyima. Kama ninayo, acha niwe nayo. Ni haki yangu."

Mackrine alikuwa amejiandaa kujibu hofu na ubishi. Hakujiandaa kujibu hilo. Alishuka kwa Nikuze, akamweleza.

Nikuze alipanda jioni ile ile. Tangu mazishi hawa wanawake wawili walikuwa wanasalimiana tu. Alisimama mlangoni, hakukaa.

"Wifi, nina hasira nawe," alisema. "Sikufichi. Ulimkata mume wangu mara mbili, na mara ya pili ulijua kilimi hakina kitu. Nikikuona ukipita nashikwa na uchungu."

"Najua."

"Hujui. Sasa nasikia unataka kufa ili tulingane. Mimi nitapata nini? Nani atakuuguza kama si mimi? Nitakuogesha, nitakushika kichwa, nitasikia mtu mwingine anakosa pumzi ndani ya kibanja hiki. Sina nguvu ya kuzika mara mbili. Nenda ukapimwe."

Aligeuka akashuka. Mukandekezi alilia, lakini jina hakuandikisha.

Siku tatu baadaye alikuja Bigirimana. Huyu ni kibarua anayevuna ndizi za watu, ana miaka hamsini na mitatu, na sigara haimtoki mdomoni. Alikuwa anakohoa.

"Bibi, najua umefiwa. Lakini nisaidie. Usingizi siupati. Nikate."

Kwa mazoea ya mikono, Mukandekezi alimkalisha, akamgeuzia kwenye mwanga, akachungulia. Kilimi kilikuwa kama cha mtu yeyote. Alikitazama kwa muda mrefu. Wangapi aliwaambia kimerefuka, nao wakaondoka wameridhika? Wangapi walikuwa na ugonjwa chini zaidi, mahali ambapo jicho lake halikufika? Akamfunga Bigirimana mdomo kwa kidole.

"Sikati. Kilimi chako hakina kosa. Nenda zahanati leo, wakupime makohozi."

"Zahanati!" Bigirimana alishangaa. "Wewe ndiye unayesema?"

"Ndiyo, mimi. Na kwa hizo sigara zako, ukimaliza huko mtafute Mackrine akuandikishe kupimwa mapafu."

Bigirimana alisimama, akavaa kofia. Hakuwa mtu wa kuficha neno.

"Bibi, na wewe unavuta kuliko mimi. Wewe umekwenda?"

Mukandekezi alisukuma kiko chake chini ya benchi.

"Ukienda wewe, nitakwenda," alisema Bigirimana. "Usipokwenda, nitatafuta mkataji mwingine kule Isingiro."

Hapo ndipo Mukandekezi alipoelewa. Kufa kwake hakungemlipa Mbonimpa chochote. Kungemwua Bigirimana tu. Alichukua khanga, akafunga mlango, akamwambia, "Tangulia zahanati. Nakuja nyuma yako."

Zahanati makohozi ya Bigirimana yalikutwa na TB. Alianzishiwa dawa siku ile ile, za kumeza miezi sita. Alipona. Angekatwa kilimi, angeendelea kuwaambukiza watoto wake. Mukandekezi hakukohoa, hivyo yeye aliandikishwa moja kwa moja kwa ajili ya ile mashine.

Mwezi wa pili alikwenda Bukoba na Mackrine. Alilala kwenye kitanda, akashika pumzi. Ilikwisha kabla hajaanza kuogopa vizuri. Kisha wakamwita kwa daktari Byabato.

"Nakukumbuka, mama," daktari alisema. "Pole kwa msiba."

"Nimeshapoa. Niambie tu."

"Kuna alama ndogo, pafu la kulia, juu. Ukubwa wake kama punje ya kahawa. Inaweza kuwa kovu. Hatukimbilii kukata. Utarudi baada ya miezi mitatu, tuone kama imekua. Lakini tumbaku uache leo. Hata kama si saratani."

Miezi ile mitatu ilikuwa mibaya. Aling'oa tumbaku yote nyuma ya jiko, mizizi na majani, akaifukia. Mwili ulimwasha kwa hamu. Alikasirika hovyo, hakulala, aligombana na kuku. Mackrine alimshauri atafune punje za kahawa iliyokaangwa hamu inapokuja, na apige hatua chache nje. Nikuze alianza kumpelekea uji asubuhi, saa ile ile ambayo Mbonimpa alikuwa akipanda. Hakukaa sana. Aliweka kibuyu, akauliza, "Umevuta?" Akijibiwa "La", alishuka.

Aliporudi Bukoba, ile alama ilikuwa imekua. Wakampeleka hospitali ya kanda, Mwanza. Walichukua kipande kidogo, wakakipima. Ilikuwa saratani.

"Imeenda wapi kwingine?" Mukandekezi aliuliza. Alikuwa amejifunza kuuliza.

"Hatujaiona kwingine," daktari wa huko alijibu. "Iko mahali pamoja."

Walimpasua, wakatoa sehemu ya juu ya pafu la kulia. Sitawaambia ilikuwa rahisi. Alikaa wodini wiki mbili na mpira ubavuni wa kutoa maji. Kila akikohoa alishika mto kifuani na machozi yalimtoka. Gharama zilikuwepo, na ukoo ulihangaika. Mpaka leo akipanda kilima anasimama katikati. Kila baada ya miezi sita anarudi kuangaliwa. Lakini analima maharage yake mwenyewe, na mgonjwa wa kuuguzwa hayupo katika kibanja kile.

Kazi ya kukata vilimi aliiacha. Watu bado wanakuja, kwa sababu jina halifutiki upesi. Anawakaribisha, anawauliza maswali. Kikohozi kimezidi wiki mbili? Unatema damu? Umekonda? Sauti imebadilika? Kifua kinauma? Ukijibu ndiyo kwa moja tu, anakuambia uende zahanati leo, usingoje wiki ya uchunguzi wala siku ya soko. Na kama hukohoi lakini una miaka hamsini na umevuta muda mrefu, anakuambia uulize kituo chako wapi kipimo cha mapafu kinapatikana, maana hakipo kila hospitali. Wengine wanakasirika, wanasema bibi ameharibiwa na wazungu. Anawajibu kwamba ameharibiwa na kaburi la mdogo wake, na wanaweza kwenda kulitazama.

Mwaka uliofuata, Mackrine alipeleka majina kumi na moja kutoka Songambele. Mwaka wa kwanza lilikuwa moja.

Asubuhi ya safari walikusanyika Omurushaka, pembeni ya barabara, kusubiri basi la Bukoba. Bigirimana alikuwapo, kashapona TB na sasa anaacha sigara kwa shida. Walikuwapo wazee wanne na wanawake sita. Nikuze, ambaye hajavuta hata siku moja, alikuja kumsindikiza wifi yake kwenye kipimo chake cha kawaida.

Kondakta aliteremka akawatazama. Aliona mvi, mikongojo na vikapu vya chakula.

"Mnakwenda hospitali?"

"Ndiyo, mwanangu," Mukandekezi alijibu.

"Mgonjwa ni yupi, tumweke kiti cha mbele?"

"Hatuna mgonjwa. Tunakwenda kwa sababu hatujaumwa."

Kondakta alicheka, akafikiri anataniwa. Akawafungulia mlango, wakapanda mmoja mmoja, kila mtu akapata kiti chake.

Gari lilipoanza kushuka kuelekea Kyaka, Mukandekezi aliwahesabu wenzake kwa macho. Wote kumi na mmoja. Kisha akaanza kulia, kwa sababu wote hawa aliwashawishi kupanda gari hili, lakini mdogo wake, aliyekuwa akimsikiliza kuliko wote, hakuwapo. Nikuze hakumnyamazisha. Alisogea, akamshika mkono, wakaenda hivyo mpaka Bukoba.